Kamehameha haitoki, au inatoka haipigi: tutafute ugonjwa uko wapi (Dragon Ball FighterZ)

Swali ni lile lile ila kila mtu analiuliza kivyake, "mzee hii bimu ya Goku mbona kwangu haitoki", yaani Kamehameha, ule mwale wa nguvu anaoutoa mikononi, afu ukimuuliza sasa badala yake imetoka nini anakwambia "sijui, kitu tu kingine". Hapo ndo tunapoteana, maana hicho kitu kingine ndo jibu lenyewe. Batani uliyobonyeza imetoa kitu, na ukikitazama vizuri kinakwambia kidole chako kilikosea wapi. Kwahiyo kabla hujaanza kulaumu gemu ingia treningi, washa ile sehemu inayoonyesha unachobonyeza (mimi naiita historia), mishale na batani vinajipanga pembeni ya skrini, fanya bimu yako mara kumi afu soma. Yaani soma kama unasoma meseji.

Lugha kwanza ili tusichanganyane. Batani za kupiga ni nne, L pigo jepesi, M la kati, H zito, S spesho. Kwenye padi ya PlayStation kama hujagusa setingi L ni mraba, M pembetatu, H duara, S ni eksi. Zile namba 236 na 214 unazoona watu wanaandika wala sio kodi za siri, chukua zile namba za pembeni kwenye kibodi ya kompyuta, mtu wako kasimama kwenye 5 anaangalia 6, basi 236 ni chini, chini-mbele, mbele, na 214 ni chini, chini-nyuma, nyuma. Mfano wangu ntamtumia Goku wa Super Saiyan, wengi ndo tunaanza nae.

Na bimu zina madaraja. S peke yake ni ki blast, vile virisasi vidogo, hiyo hata bimu sio. 236S ni Kamehameha ya kawaida, ya bure, haili ki, yaani ile nguvu inayojaa kwenye mita. 236 na batani mbili kwa mpigo, L+M au H+S, hiyo ni Super Kamehameha, ki moja imeondoka. Juu yake kuna Meteor zinazokula ki tatu, kama Final Flash ya Vegeta. Mita ya ki inaishia saba na ni ya timu nzima, watu watatu mnachota kisima kimoja.

"Nimezungusha vizuri kabisa, inatoka ki blast"

Hukuzungusha vizuri. Usinune, angalia historia.

Ukiona chini, chini-mbele, afu S, maana yake kidole gumba cha kulia kimewahi kabla cha kushoto hakijafika mbele. Hii ndo ninayoikuta mara nyingi kuliko zote na inatokana na haraka, mtu anadhani bimu inataka spidi wakati inataka mpangilio. Fanya polepole mpaka uone mshale wa mbele umetokea ndo ubonyeze S, ukizoea spidi itakuja yenyewe.

Ukiona chini, mbele, S, ile ya kona haipo, wewe unapiga mishale kama unapiga ngoma, unanyanyua kidole. Usinyanyue. Kidole kiteleze kutoka chini kwenda mbele kimelala, kama unafuta vumbi.

Ukiona chini haipo kabisa hata ukikandamiza, acha mazoezi ugeukie padi. Mimi nshakaa wiki mbili nzima nikiamini nimezeeka. Nilinunua padi iliyotumika, muuzaji kaijaribu mbele yangu kwa gemu la mpira, analogi poa batani poa, nikalipa nikaondoka. Kumbe mtu wa mpira haugusi mshale wa chini. Nyumbani Kamehameha inatoka mara moja kati ya tano, nikaanza kubadilisha mkao, nikabadilisha kiti, dogo wa nyumbani akawa ananicheka. Siku nimewasha historia naona mbele, mbele, mbele, chini inatokea pale tu nikikandamiza mpaka kucha inakuwa nyeupe. Nikafungua, ile raba ya ndani chini ya mshale ilikuwa na kitu kama soda iliyokauka, nikafuta kwa pamba yenye spirit kidogo, nikaacha ikauke, nikarudishia. Ikapona. Kwahiyo padi ya mkononi kwa mtu ijaribu mishale minne yote, na kona zake.

"Inatoka lakini narukaruka"

Unapitiliza. Badala ya kuishia mbele kidole kinapanda mpaka mbele-juu, mtu wako anaruka, ukibonyeza S sasa uko hewani na kinachotoka ni cha hewani. Wanaotumia analogi ndo wanaumwa huu kuliko wa mishale sababu analogi haina ukuta wa kukwambia umefika. Punguza mzunguko, huhitaji duara, robo tu.

"Nataka super natoa Dragon Rush" (au Super Dash)

Huu ndo ugonjwa ninaoupenda maana ukiuelewa umeelewa gemu zima lilivyopangwa. L+M bila mzunguko ni Dragon Rush, ule mshiko wa kumkimbilia mtu na kumvunja bloku. H+S bila mzunguko ni Super Dash, ule wa kuruka moja kwa moja kumfuata adui popote alipo. M+H ni Vanish, unapotea unatokea mgongoni kwake, ki moja. Sasa Super Kamehameha ni batani zile zile, tofauti ni 236 tu mbele yake. Kwahiyo:

Imetoka Dragon Rush, batani zako za L+M zimesomeka poa, mzunguko ndo haujasomeka. Rudi juu kwenye ugonjwa wa kwanza.

Imetoka Super Dash, hivyo hivyo ila ulitumia H+S. Na hii inauma zaidi maana sasa umeruka mwenyewe kwenda mdomoni kwa mtu, akiwa macho anakupiga 2H (chini na H), ile ngumi ya kuinua juu, kichwa chake wakati ule hakishikiki na mapigo ya hewani, na wewe huyoo.

Imetoka Kamehameha ya kawaida wakati ulitaka super, hapa mzunguko uko sawa kabisa, hongera, ila S imetangulia na H imechelewa, gemu likaona 236S likakupa ulichoomba. Imetoka ile ngumi ya kuchomoka mbele (Dragon Flash Fist), basi L imetangulia M. Dawa yake ni jinsi unavyoweka kidole. Usitumie ncha mbili za vidole viwili kama huna uhakika, laza kidole gumba kati ya duara na eksi kikandamize vyote kwa tumbo la kidole. H+S zimekaa jirani kwa hiyo kazi, mraba na pembetatu pia, mimi binafsi natumia H+S kila mahali kwasababu gumba langu limezoea kulala upande ule. Chagua jozi moja ubaki nayo.

Kwa Vegeta na Final Flash yake ni 214 na batani mbili, na ugonjwa ni huo huo, ikikosea unapata vitu vile vile. Ila ongezea swali moja, unazo ki tatu?

"Upande wa kushoto naweza, kulia siwezi"

Hapa hamna cha ajabu, 236 inafuata mtu wako anaangalia wapi, ukihamia upande wa kulia wa skrini mbele yako sasa ni kushoto. Wengi tunafanya mazoezi tukiwa upande mmoja tu maana treningi inatuweka hapo na tunaridhika. Weka mtu upande wa pili afu fanya mia. Mbaya zaidi ni pale mnapopishana katikati ya mzunguko, yeye kakurukia juu ya kichwa au kakufanyia Vanish, wewe umeanza chini-mbele ya zamani unamalizia mbele ambayo sasa ni nyuma, inatoka ki blast au unabaki umebloku tu. Ukiona mnapishana acha, mzunguko anza upya. Ukilazimisha unakula.

"Ki ilikuwepo nimeiona kwa macho yangu"

Uliiona moja na kitu au moja kamili? Spesho nyingi, yaani yale mapigo ya mzunguko kama 236, ukizifanya kwa H zinakula nusu ya ki. Ukimaliza kombo yako (mapigo ya mfululizo) kwa 236H halafu unataka super na ulianza na moja, sasa una nusu, super haiji. Vanish nayo imekula moja. Na mwenzio kwenye timu aliyetoka kabla yako labda ndo alichota. Angalia namba, sio rangi. Ukiwa na nafasi shikilia L+S ujaze, ila sio mbele ya mtu.

Kuna na kinyume chake, ki inaisha yenyewe hujui imeenda wapi. Mara nyingi ni yale mapigo ya batani moja moja mfululizo, gemu linakupangia kombo lenyewe na ki ikiwepo linaweza kumalizia na super bila kukuuliza. Unadhani unamalizia kwa ufundi kumbe umechezewa.

"Imetoka, nzuri, ndefu skrini nzima, jamaa kapita"

Sawa, hapa vidole havina kosa, kosa ni mda. Bimu yoyote ina sehemu tatu, anakusanya mikono, inatoka, afu anabaki kasimama kama mtu aliyesahau kafuata nini chumbani. Sehemu ya kwanza na ya tatu we ni nyama.

Sasa jamaa anapitaje. Njia ya kwanza, karuka. Kamehameha ya chini inakwenda mlalo, aliyeko juu haimhusu. Ukiona mtu wako kila mara yuko hewani acha kumtupia bimu ya chini, msubiri ashuke. Njia ya pili, Super Dash, na hapa watu wanachanganya sana. Super Dash inapenya ki blast kama hazipo, ndo maana yule anayetupa virisasi mwanzo mwisho anafuatwa na kuchapwa. Ila bimu haipenyi, akikutana na Kamehameha ambayo tayari imeshatoka anaikula uso mzima. Sasa mbona kakupiga? Kwasababu alianza kuruka wakati we bado unakusanya mikono. Alikuwahi. Rudia mechi utaona, unaanza bimu yeye ameshakuwa na ile aura ya kuruka. Kwahiyo bimu ni ya kumkamata anayekuja pale unapojua atakuja, yaani unaanza kabla yake, ukisubiri umuone ndo uanze umechelewa, umuonapo dawa yake ni 2H.

Njia ya tatu hakupita, kabloku.

"Kabloku, afu kaja kunichapa nimesimama"

Ndio, ile sehemu ya tatu. Bimu iliyoblokiwa bila kitu nyuma yake ni zawadi, na super ikiblokiwa ni zawadi yenye utepe. Una njia mbili za kawaida. Moja ni Vanish, M+H wakati bimu ya kawaida bado inampiga kwenye bloku, ki moja, unatokea nyuma yake. Ila usiifanye kila mara, akishakuzoea anakusubiri mgongoni. Ya pili ambayo mimi ndo naiona ya kiutu uzima ni kuita asisti kabla, sio baada, yaani mwenzio wa timu anakuja anamshughulisha wakati we unamalizia kusimama. Na njia ya tatu ambayo hakuna anayependa kuisikia ni kutotupa bimu ovyo ukiwa umeamka tu kutoka chini. Najua inavutia, skrini inakuwa nyeusi, Goku anapiga kelele. Jamaa ameshika nyuma tu anakungoja.

"Kombo imeenda vizuri, super ya mwisho anaibloku" na ndugu yake "super yangu haina damu"

Baba yao mmoja. Kombo ikirefuka gemu linafanya mambo mawili, pigo linapungua nguvu, na ule mda anaobaki amelegea unafupika. Kila mtu ana damu (uhai) 10,000, unaona kombo ina mapigo thelathini unafikiri umemmaliza kumbe yale ya mwisho yalikuwa yanamkuna. Ukiona super inablokiwa mwishoni toa mapigo mawili matatu katikati uone kama itaingia, ikiingia basi tatizo lilikuwa urefu. Ikigoma bado, tatizo ni umbali au mmechelewana, super inatakiwa ianze pigo la mwisho likiwa bado linagusa, usisubiri adondoke ndo uanze kuzungusha. Anza kuzungusha mapema, pigo likiwa linaelekea kugusa, batani mbili ndo zifuate.

Na ukiwa na ki ya ziada na mwenzio hai, wakati super inaendelea bonyeza batani ya asisti wake, ataingia na super yake juu ya yako, ki nyingine. Hapo ndo pa kumaliza mtu.

"Bimu zetu zimekutana, nimebonyeza mpaka padi imelia, haisogei"

Haisogei na haitasogea. Hiyo tabia ni ya Budokai Tenkaichi 3 ya 2007, PS2, ambapo bimu zikigongana unazungusha analogi kama unasaga mahindi na mkono wenye nguvu unashinda. Nasi tuliokulia pale ndo tunaumia padi bure. FighterZ ya 2018 imetengenezwa na Arc System Works, watu wa gemu za ngumi za kuhesabu fremu (picha moja moja za skrini), hapa hamna mashindano ya kusaga. Bimu za daraja moja zinazuiana pale zilipokutana, super inaimeza ya kawaida, ya kawaida inameza ki blast. Ukiona yako inamezwa kila mara basi unajibu super kwa Kamehameha ya bure. Bloku tu.

"Naita asisti, bimu haiji"

Mara nyingi ni kwamba hajapoa, ukishamuita kuna mda wa kusubiri, angalia alama yake. Au unapigwa, ukiwa unapigwa huiti mtu. Au kafa, samahani. Ila kuna moja inasumbua wanaokopi timu kutoka kwenye video, anaweka watu wale wale watatu afu asisti wa Goku anafanya kitu kingine kabisa. Toka Season 3, Februari 2020, kila mtu ana asisti tatu A, B na C na unachagua moja pale unapochagua mhusika. Video ya kabla ya hapo haina hilo. Rudi kwenye kuchagua, badilisha herufi.

"Treningi naweza, mtandaoni siwezi"

Hesabu kidogo. Gemu linakwenda fremu 60 kwa sekunde, fremu moja ni kama milisekunde 16.7. Pingi (mda wa taarifa kwenda na kurudi mtandaoni) ya milisekunde 150, ambayo sisi wa huku tukikutana na mtu wa Ulaya sio ajabu kabisa, ni kama fremu tisa. Kwenye toleo la PS4 na Xbox One mtandao unafanya kazi kwa kuchelewesha, unachobonyeza kinasubiri, kwahiyo kombo uliyoizoea nyumbani mdundo wake umebadilika na super yako inaanguka. Februari 2024 walileta rollback kwa PS5, Xbox Series na Steam, yaani mashine inabahatisha mwenzio atafanya nini badala ya kumsubiri, hapo batani yako inajibu papo hapo, ila ugonjwa mwingine unakuja, unaona bimu imempiga halafu ghafla kumbe kabloku, picha imejirekebisha. Hujaibiwa, mashine yako ilibahatisha ikakosea. Kwa wenye PS5 hakikisha unachocheza ni toleo la PS5 lenyewe, usije ukawa unacheza la PS4 ndani ya PS5 halafu unajiuliza rollback iko wapi. Na waya wa intaneti kama router iko karibu, waifai inayumba ni mbaya kuliko pingi kubwa iliyotulia, kubwa iliyotulia unaizoea.

Kwenye PC ukiona gemu zima linakwenda taratibu kama watu wako majini, mashine haifikishi 60, shusha grafiki na rezolushoni mpaka itulie, mdundo wa vidole hauwezi kutulia juu ya gemu lisilotulia.

Ya mwisho ni TV, na hii inakuwepo hata treningi ila mtu hajui maana hajawahi kuona bila. TV nyingi za kisasa zinapiga picha make-up kabla ya kuionyesha na hapo zinachelewa. Tafuta kwenye setingi kitu kinaitwa Game Mode, washa. Nilimuwashia dogo mmoja jirani, Kamehameha zake za mwisho wa kombo zikaanza kuingia siku hiyo hiyo. Shida ikaja saa mbili usiku mzee wake kukaa kwenye taarifa ya habari, "nani kaharibu rangi ya TV yangu?" Sasa dogo kazi yake ni kuzima saa mbili kasoro dakika tano na kuwasha tena mzee akishalala.